Anataka kufika miaka 120, Pemba hafiki

Shikamoo Mama,

Nasoma safu yako siku nyingi, sikudhani kama nami nitakuja kuandika. Nina miaka 45, ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Mume wangu ana 53, anafanya kazi za uwakala wa forodha. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha tano.

Mume wangu hanywi pombe, hana mwanamke wa nje (nimechunguza), na hajawahi kuninyanyulia mkono. Shida yake ni kwamba hataki kufa. Najua hakuna anayetaka, lakini yeye ameigeuza kuwa kazi. Ilianza miaka miwili iliyopita, baada ya mdogo wake kuanguka bafuni asubuhi akafariki kwa kiharusi, ana miaka 49. Akaanza kutazama video za tajiri mmoja wa Marekani, Bryan Johnson, anayemwaga mamilioni ya dola ili asizeeke. Sasa nyumba yetu ni maabara.

Juu ya friji kuna chombo cha vidonge chenye visanduku saba, Jumatatu mpaka Jumapili. Nilihesabu juzi: vidonge kumi na kimoja kwa siku. Kuna NMN, kidonge cha kupinga uzee kinachoagizwa nje, shilingi 270,000 kichupa, na kichupa hakimalizi mwezi. Kuna resveratroli, kemikali ya maganda ya zabibu. Kuna metformini, dawa ya wagonjwa wa sukari, na sukari yeye hana. Anaipata duka la dawa la mtaani bila cheti. Sasa anatafuta mtu wa kumletea rapamaisini kutoka Dubai. Kidoleni ana pete ya kupima usingizi, mkononi saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Anajipima uzito asubuhi na jioni, kiuno anakipima kwa futi ya fundi cherehani, sukari anajitoboa kidole mwenyewe, na joto la chumba analiandika kwenye daftari. Hali kitu mpaka saa sita mchana, na ikifika saa kumi na mbili jioni amefunga kinywa. Harusini pilau anaitazama tu, mpaka watu wanadhani tumekosana na wenye shughuli.

Saa tatu usiku anajifunga kitambaa machoni na kwenda kulala chumba cha vijana, eti mimi nageukageuka namharibia alama zake za usingizi. Mama, sisi tulikuwa watu wa kukaa sebuleni tukisimuliana mpaka saa tano.

Kilichonifanya nishike kalamu ni baba mkwe. Yuko Wete, Pemba, ana miaka 86, na macho yameanza kuingia ukungu. Kila Ijumaa baada ya sala anapiga simu, na ananiuliza mimi: "Mwenzio kasema atakuja lini?" Idi mbili zimepita. Mume wangu anasema safari inamvurugia ratiba, kwenye boti hapati usingizi, na kule watamlazimisha kula usiku. Wiki iliyopita nikamwambia, baba yako hana miaka mingine 30 ya kukungoja. Alikasirika. Akasema mimi ni mtu niliyekwisha kukubali kufa.

Nauliza matatu. Hivi vidonge vina ukweli wowote? Kutafuta kuongeza umri si kushindana na Mungu aliyeandika ajali, yaani siku ya kufa, ya kila mtu? Na mimi nifanye nini, maana pesa ya tuisheni ya mtoto imeanza kuchelewa, na sijui nimlaumu au nimwonee huruma.

Mama S., Dar es Salaam


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, hapo penye pilau. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikapigia mstari jambo moja ulilolipita mbio, nikaandika pembeni jingine ambalo hukulitaja kabisa. Nitayafikia. Kwanza nijibu ulichouliza, na nitajibu kama muuguzi mstaafu mwenye miaka 71, ambaye naye asingekataa kuongezewa kidogo.

Mumeo hajarukwa na akili. Jambo analolifukuzia lipo, na watu wazima wanalifanyia kazi. Mwaka 1935 Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kuwa panya waliopunguziwa chakula, bila kukosa vitamini na madini, waliishi kuliko wenzao walioshiba. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake huko California walimchukua mnyoo wa milimita moja, ambaye umri wake wote ni wiki mbili tatu, wakakuta kwamba jeni moja likiharibika anaishi zaidi ya mara mbili, tena akitambaa kwa nguvu kama kijana. Hapo ndipo wengi walipostuka. Tulizoea kuona uzee kama sufuria inayochakaa mpaka itoboke, kumbe mwilini kuna mahali panapoamua sufuria ichakae upesi au polepole.

Hiyo rapamaisini nayo ina kisa chake. Ilitokana na udongo uliochotwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki, na jina lake limetoka huko. Walidhani wamepata dawa ya fangasi. Baadaye ikawa dawa ya watu waliopandikizwa figo, kwa sababu inaishusha kinga ya mwili ili isiishambulie figo ya mgeni. Kisha mwaka 2009 maabara tatu za Marekani zikawapa panya waliokwisha kuzeeka, na wakaishi zaidi, majike kwa takriban asilimia 14 na madume 9 kwa kipimo cha wale wanaofika mbali kabisa. Ni matokeo makubwa hayo, sitaki kuyadharau.

Lakini soma tena hapo katikati: inashusha kinga. Mtu mzima asiye na ugonjwa, anayeishi katika mji wenye kifua kikuu, anaagiza kwa mkono wa mtu dawa ya kushusha kinga! Huyo Bryan Johnson mwenyewe aliimeza kwa miaka kadhaa, akaiacha mwaka 2024 kwa madhara aliyoyaona, vidonda na maambukizi yakiwemo. Yeye ana jopo la madaktari nyumbani. Mumeo ana kijana wa mizigo kutoka Dubai. Hili usilibembeleze, likatae wazi.

Tena kutoka kwa panya hadi kwa mtu kuna bahari. Kule Marekani vituo viwili viliwapunguzia kima chakula kwa zaidi ya miaka 20. Kituo cha Wisconsin kikasema waliokula kidogo walikufa wachache. Kituo cha taasisi ya taifa ya uzee kikasema umri haukuongezeka. Walipokaa kulinganisha waliona kwamba kima wa Wisconsin walioachiwa kula watakavyo walikuwa wakila chakula chenye sukari nyingi. Sasa, kula kidogo ndiko kulikowaokoa wale wengine, au ni kuepushwa na sukari? Na kima hao ni jamaa zetu wa karibu kuliko panya.

Nije kwenye chombo cha juu ya friji. Resveratroli ilijaribiwa kwa panya wenye afya na maabara zile zile tatu na haikuwaongezea umri. NMN inapandisha kweli kemikali moja kwenye damu, NAD, ambayo hupungua mtu anavyozeeka. Kwamba mtu akiimeza ataishi zaidi, hakuna aliyelionyesha. Ndugu yake mmoja, anayefanya kazi kwa njia hiyo hiyo, alipewa panya na hakuwaongezea kitu. Laki mbili na sabini kwa kichupa, mwanangu.

Metformini ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, nimeigawa miaka na miaka. Ni dawa nzuri kwa mwenye sukari. Uvumi wa maisha marefu ulipata nguvu mwaka 2014, pale takwimu za Uingereza zilipoonyesha wagonjwa wa sukari wanaoimeza wakiishi hata kuliko watu wasio na sukari. Mwaka 2022 wenzao wa Denmark walirudia hesabu ile kwa watu wao, hawakuliona jambo hilo. Profesa Nir Barzilai wa New York ana mpango wa kuijaribu kwa watu 3,000 wa umri wa miaka 65 hadi 79 wasio na sukari, ila umesumbuka miaka mingi kwa ukosefu wa fedha, maana dawa yenyewe ni ya bei poa na hakuna kampuni itakayotajirika nayo. Na kuna utafiti wa mwaka 2019 ambao ungemkosesha mumeo hizo alama zake za usingizi: watu wazima waliofanya mazoezi huku wanameza metformini walivuna faida ndogo kuliko waliofanya mazoezi bila hiyo. Ukiitumia muda mrefu inaweza kukupunguzia vitamini B12, na anayeimeza anapaswa kupimwa figo. Nani amempima figo? Muuza duka?

Swali lako la pili si la kumuuliza muuguzi, muulize shehe wako. Lakini na mimi nilipita chuo cha Kurani. Hadithi ya Mtume tuliyofundishwa ni kwamba anayependa riziki yake ikunjuliwe na ajali yake icheleweshwe, basi aunge udugu. Angalia hapo: kutamani umri mrefu hakukukemewa. Kilichotolewa ni njia. Na njia yenyewe inapita bandarini, inapanda boti.

Ajabu ni kwamba watu wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambao hawana habari na chuo chetu, wamekuwa wakiwafuatilia watu maisha yao yote tangu mwaka 1938, na wakaona kwamba namna mtu wa miaka 50 anavyoridhika na watu wake inatabiri afya yake ya miaka 80 vizuri kuliko kolesteroli. Mumeo ana miaka 53. Analala chumba cha vijana.

Nikupe kisa kimoja umsimulie, ukichagua saa nzuri. Mtu aliyeishi kuliko wote ambaye umri wake una vyeti ni Jeanne Calment, bibi wa mji wa Arles, Ufaransa. Alizaliwa Februari 1875, akafa Agosti 1997: miaka 122 na ushei. (Huenda na sisi tunao wa kushindana naye, lakini vyeti hatuna. Bi Kidude alipofariki mwaka 2013 hapakuwa na aliyeujua umri wake kwa yakini, mwenyewe akikadiria kwa enzi za rupia.) Bibi huyo alipokuwa na miaka 90, wakili mmoja aliingia naye mkataba wa kumlipa kila mwezi mpaka afe, kisha nyumba iwe ya wakili. Wakili akalipa miaka 30, akafa yeye, nyumba hakuingia, na mjane wake akaendelea kulipa. Watu hucheka sana hapo. Kinachosahaulika ni kwamba bibi yule alimzika binti yake wa pekee mwaka 1934, akamzika mume, na mwaka 1963 akamzika mjukuu wake wa pekee. Miaka zaidi ya 30 ya mwisho aliishi bila hata mmoja aliyetoka tumboni mwake. Mumeo anapopanga kufika 120, amewapangia nini watoto wale watatu? Watakuwa na umri gani, na nani atakuwa anamjua kwa jina la utotoni?

Sasa yale mawili niliyosema nitayafikia.

La kwanza ni mdogo wake. Umemtaja kwa sentensi moja, kisha ukaniandikia kurasa za vidonge. Mtu amemwona mdogo wake, waliyelala naye mkeka mmoja, ameanguka bafuni na miaka 49. Ulitaka aogope nini, nyoka? Ninachokiona juu ya friji yenu ni msiba ambao haujakaliwa matanga. Watu walikuja, walikula, walisoma, wakaondoka, naye akabaki na lile bafu kichwani.

La pili ni hili. Umeniorodheshea vyote anavyopima: usingizi, hatua, mapigo, uzito, kiuno, sukari, mpaka joto la chumba. Presha haimo. Nimerudia orodha mara tatu nikitafuta. Mdogo wake kafa kwa kiharusi, presha hutembea kwenye ukoo, na mtu anayejitoboa kidole mwenyewe hajawahi kujifunga ule mkanda mkononi. Au amejifunga siku moja peke yake, akaona namba, akanyamaza. Wanaume wa aina hii nimewahudumia wengi. Anakwambia sista nipime sukari, nipime uzito, nipime chochote. Ukivuta mashine ya presha anakumbuka kwamba ameacha gari vibaya.

Wakati wa uhuru, wastani wa umri wa kuishi nchini kwetu ulikuwa takriban miaka 43. Leo umepita 65. Si kwamba wazee hawakuwepo, walikuwepo na bakora zao. Ni watoto waliokuwa wakifa na kuuvuta wastani chini. Nilipoanza kazi tulikuwa na wodi ya surua, vitanda viwili watoto watano, mama amekaa sakafuni kaegemea ukuta. Nilipostaafu chumba kile kilikuwa stoo ya magodoro. Chanjo, chandarua, maji, baadaye ARV. Hakuna hata kimoja cha kumfanya mtu afungue chaneli ya video. Basi kwa mwanamume wa miaka 53 mwenye historia ya mumeo, chanjo yake ya surua ni kidonge cha presha, kama kweli anakihitaji: vingi vyake ni vya zamani, bei nafuu, vimejaribiwa kwa maelfu kwa maelfu ya watu, na vinazuia kiharusi kwa ushahidi ambao NMN haiuoni hata kwa darubini.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimwambie kapime presha, atakimbia. Nunua mashine ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, uiweke mezani kama kifaa kipya. Anapenda vifaa. Jipime wewe kwanza, mbele yake, uandike. Akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa nusu saa kabla. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, siku saba. Namba za nyumbani zikiwa zinafika 135 kwa 85 au kupita, aende kwa daktari, na abebe chombo chake chote cha visanduku saba kikaguliwe kidonge kwa kidonge. Ikifika 180 kwa 120 apime tena baada ya dakika chache, na ikibaki huko huko ni hospitali siku hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, mdomo umepinda au mkono umekufa ganzi, hakuna kupima tena, ni kukimbia.

Yaliyo mema usimnyang'anye. Kutembea, kulala mapema, kupunguza wali wa usiku, hayo mwachie, na wewe tembea naye. Ndiyo sebule yenu mpya mpaka arudi kwenye ile ya zamani. Pesa ya tuisheni itoke siku ya mshahara kabla ya kichupa chochote, na hili liseme mara moja tu, bila kuchanganya na mambo ya kufa. Neno "kufa" liache kabisa kwenye ugomvi. Muulize habari za mdogo wake. Muulize walikuwa wakivua wapi, nani alikuwa mkaidi zaidi. Kisha nyamaza, hata akichukua nusu saa.

Na baba mkwe. Miaka 86, ukungu machoni: inawezekana kabisa ni mtoto wa jicho. Hapo mumeo atapata anachokitafuta, maana teknolojia ya kurudisha ujana ipo moja ambayo imethibitika. Mwaka 1949, London, daktari Harold Ridley alipandikiza lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mtu kwa mara ya kwanza. Aliipata fikra kwa marubani wa vita waliokuwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni, na macho hayakuvikataa. Leo operesheni ni ya chini ya saa moja kwa kawaida, mzee haendi usingizini, na kesho yake bandeji ikifunguliwa anaanza kukusema kuwa umenenepa. Mpe mumeo kazi hiyo. Akampime mzee macho, ampime na presha, aandike kwenye lile daftari. Mwana na baba, ukurasa mmoja. Mtu wa namna yake hawezi kukaa na huzuni mikono mitupu, ila akipewa namba za kufuatilia atavuka bahari.

Tiketi mkatie wewe, ya Jumamosi, ya kwenda na kurudi baada ya wiki. Akitaka kubeba chombo chake cha vidonge na kile kitambaa cha macho, na abebe. Ijumaa ijayo mzee akipiga simu, mpe mwanawe aipokee.